Su-25: Ndege ya Kizamani Ambayo Bado Inapelekwa Vitani

Oya wadau karibuni tena, leo tunaichambua Sukhoi Su-25, ndege ya Kisovieti iliyoruka mara ya kwanza 1975, na kazi yake ni moja tu, kushuka chini kabisa kuwapiga walioko ardhini ili askari wa miguu wapate kusonga. Kila siku nasikia watu wanasema hiki ni chuma chakavu, droni zishaimaliza. Mimi nasema bado.

Tuanze na hapa jirani. Tarehe 24 Januari 2023 Su-25 ya jeshi la Kongo ilifyatuliwa kombora na Rwanda, Kigali wakasema imeingia anga yao, Kinshasa wakasema hapana ilikuwa kwetu, hayo tuwaachie wenyewe, mi nataka muitazame ile video. Kombora linapanda, linalipuka pale pale karibu na ndege, na ndege haianguki jamani, inaenda hadi inatua Goma huku inawaka moto!

Sasa inawezaje? Rubani kakaa ndani ya boksi la titaniamu, unene milimita 10 mpaka 24 kutegemea na sehemu. Injini ziko mbili, moja kila ubavu. Kule Afghanistan miaka ya 80, makombora ya begani ya Kimarekani yanayoitwa Stinger yalipoanza kuingia, ikaonekana injini moja ikipigwa moto unahamia ya pili, basi mafundi wakaweka bamba la chuma katikati pamoja na mfumo wa kuzima moto. Yaani hii ndege imerekebishwa kwa damu ya marubani, ndio maana naiheshimu.

Hebu nisogeze picha hapa kwenye ncha ya bawa, mnaona hiki kifuko? Kinafunguka juu na chini kama mdomo wa mamba, hizo ndio breki zake za angani. Halafu rubani ana ngazi yake humo humo, hasubiri mtu amletee, na mafuta ya ndege yakikosekana injini inakubali hata dizeli kwa muda. Kwa jeshi lenye viwanja vibovu hilo ni jambo kubwa kweli kweli.

Mzinga wake wa milimita 30 una risasi 250, ukibonyeza bila kuachia sekunde 5 zimeisha.

Ila vita ya Ukraine imeonyesha mipaka yake, na hapa nisiwafiche. Pande zote mbili, Urusi na Ukraine, zinairusha hii hii, na kwa sababu ya mitambo ya ulinzi wa anga hakuna anayethubutu kwenda juu ya shabaha, marubani wanapita chini usawa wa miti, wananyanyua pua, wanatupa roketi kwa mbali halafu wanageuka haraka huku wanamwaga fleya, yaani vimoto vya kudanganya makombora, na roketi zikitupwa hivyo usahihi unapotea sana. Ukraine wao wakafunga mabomu ya Kifaransa ya AASM Hammer yenye kuongozwa, mwili ule ule wa zamani lakini sasa unapiga kwa mbali na unalenga, na hapo ndipo mi naona thamani yake ilipobaki.

Kwa hiyo kama adui yako ana mitambo mizito ya ulinzi wa anga na wewe unataka kuituma na roketi za kawaida tu, usiitume, unampoteza rubani bure, na rubani wa kazi hii unamfundisha miaka. Kama una silaha za kuongozwa, au adui wako hana cha kuzuia anga zaidi ya bunduki na makombora ya begani, usiipeleke skrepa.