TAHADHARI: Anachukua kabureta zako nzima, anakurudishia mkweche uliopakwa rangi

Wakuu, salaam. Jambo hili nimekaa nalo tangu mwezi wa tatu nikiona aibu kulisema, maana mimi ndiye ninayewaambia watu kila siku wasitume hela kabla ya kuuona mzigo. Lakini wiki iliyopita mzee mmoja wa Nairobi, ambaye anaitayarisha MGB yake, gari la zamani la michezo la Kiingereza, kwa ajili ya Concours, yale mashindano ya magari ya zamani pale Ngong Racecourse, alinipigia simu. Akaniomba nimpokelee kabureta zake huku Coventry, Uingereza, nizipeleke kwa "fundi wa SU" (ndiyo aina ya kabureta za gari hizi) aliyempata mtandaoni. Akanitumia tangazo. Nilipofungua picha nilimjua mtu wangu, yule yule aliyenitapeli mimi, hata kabla ya kusoma maandishi. Jina jipya, lakini picha ni zile zile za meza yenye kitambaa cha kijani. Nikamwambia, "Mzee wangu, usitume kitu chochote, nakuomba." Basi aibu nimeiweka kando.

Jina lake siliandiki kwa sababu halitawasaidia. Mpaka sasa nimeshamwona kwa majina matatu. La maana ni mjue anavyofanya kazi.

Kwa wasiozijua hizi gari: MGB ilitengenezwa Abingdon, karibu na Oxford, kuanzia 1962 hadi 1980, na zilitoka zaidi ya laki tano. Ndiyo maana spea zake hazijaisha mpaka leo. Unaweza hata kuagiza bodi nzima mpya. Wingi huo ndio unaotulaza usingizi, tunadhani kila anayeuza anajua anachouza. Yangu ni ya 1970, ile isiyo na paa, injini ya cc 1798, kabureta mbili aina ya SU HS4. SU ni Skinners Union, na kabureta yenyewe ni kitu rahisi ajabu. Kuna pistoni inayopanda na kushuka ndani ya kikombe kadiri injini inavyovuta, na chini ya pistoni kuna sindano inayoingia kwenye jeti. Pistoni ikipanda, sindano inachomoka kidogo, petroli inaongezeka. Basi. Kinachokufa kwanza ni shafti ya kipepeo, kile kibati kinachofunguka unapokanyaga mafuta. Inalika, tundu lake linapanuka, hewa inapenya pembeni, na hapo hata ufungue na kukaza skrubu mpaka usiku wa manane hutapata sailensa iliyotulia, yaani mngurumo wa gari lililosimama bila kukanyagwa mafuta.

Gari nililinunua kwa jirani yangu, mzee wa Kiingereza aliyekuwa nalo zaidi ya miaka thelathini. Mtu wa utaratibu kupita kiasi, hata makopo yake ya misumari yalikuwa na tarehe. Kwa kuwa pistoni ya SU na kikombe chake hulinganishwa kiwandani na haziazimani, yeye alichukua senta panchi, kile chuma chenye ncha, akagonga alama: kitone kimoja kwenye kabureta ya mbele, viwili kwenye ya nyuma. Akagonga kwenye bodi, kwenye kikombe na juu ya pistoni, ili akizifungua zote mbili kwa pamoja asije akachanganya. Siku ananipa funguo alinionyesha vitone vile kabla hata ya kunionyesha pa kumwaga oili. Nikacheka moyoni. Sicheki tena.

Novemba iliyopita nikaona shafti zimeanza kucheza. Ningeweza kununua mpya, lakini nilitaka zile zile za gari. Nikakutana na tangazo: tuma kabureta zako, zinatobolewa upya, zinawekwa bushi (vijibomba vinavyobana shafti isicheze) na shafti mpya, jeti mpya, sindano mpya, zinasafishwa kwa shanga za kioo, pauni 260 pamoja na kuzirudisha. Bei si ya kutia shaka, si rahisi mno wala si ghali. Tapeli mjinga huuza kwa bei ya kutupa. Huyu si mjinga.

Mambo mawili yangenishtua kama ningekuwa na akili siku ile. La kwanza, alisisitiza nitume kila kitu, "vikombe, pistoni, vifuniko, hata vile vibati vyenye namba." Fundi anayetaka kubadilisha shafti hana haja ya kibati cha namba. La pili, alitaka nilipe kwa PayPal upande wa marafiki na familia, eti makato yanammaliza, na akanipunguzia pauni 15. Pauni kumi na tano tu, wakuu! Ndizo zilizoninunua, maana malipo ya namna hiyo hayana ulinzi wowote wa mnunuzi. Ningelipa kama mtu anayenunua bidhaa ningekuwa na siku 180 za kulalamika.

Mzigo ulirudi wiki ya pili ya Desemba. Zinang'aa kama vyombo vya harusi. Nikazipiga picha, nikamtumia ndugu yangu Tanga, nikazifunga kwenye gazeti na kuziweka rafu ya juu. Hapa ndipo ujanja wake ulipo, na mtu asiyeishi huku anaweza asiuelewe. Majira ya baridi barabara zinamwagiwa chumvi kwa ajili ya barafu, na chumvi ni sumu kwa bodi za MGB, hasa ile sehemu ya chini ya milango, ambayo ndiyo inayobeba gari zima. Kwa hiyo wengi wetu tunayafungia magari ndani kuanzia Novemba hadi Machi. Yeye analijua hilo. Matangazo yake yanajaa mwezi wa kumi na kumi na moja. Wewe unafunga kabureta mwezi wa tatu, wakati zile siku 30 ambazo sheria ya walaji ya Uingereza ya 2015 inakupa kurudisha kitu kibovu kwa mfanyabiashara zimekwisha zamani.

Machi, Jumamosi, nikazifunga. Nikawasha swichi bila kupiga stata. Pampu ya petroli ya MGB iko nyuma, nayo hugonga tik-tik-tik haraka haraka mpaka vyumba vya boya, vile vya kuhifadhi petroli kwenye kabureta, vijae, kisha inanyamaza. Yangu haikunyamaza. Iligonga, ikagonga, nikasema labda kuna hewa kwenye paipu. Halafu nikasikia harufu. Kabureta ya nyuma ilikuwa inamwaga petroli, na kwenye injini hii kabureta zimekaa juu ya manifoldi ya ekzosti, kuna bati moja tu la kukinga joto katikati. Ingekuwa injini imeshapata moto, leo nisingekuwa naandika kuhusu kabureta. Gereji yangu imeungana na nyumba, watoto walikuwa juu wanaangalia katuni.

Nikazima, nikafungua chumba cha boya. Ile valvu "mpya" ilikuwa na mkwaruzo unaoonekana kwa macho. Nikaweka yangu ya akiba, gari likawaka, likakaa mizunguko 1,600 kwa dakika na halishuki. Linamisi. Nikamwandikia. Akajibu ndani ya dakika tano, kwa upole kabisa, kwamba lawama ni ya ile moduli ya elektroniki niliyoweka kwenye distribyuta badala ya platini, zinajulikana kwa usumbufu. Nami nikamwamini! Nikapoteza wikiendi mbili kurudisha platini, kupima geji, kusogeza taimingi. Plagi zikitoka ni nyeupe kama chaki, dalili ya hewa nyingi petroli kidogo, na mimi bado nahangaika na moto wa plagi.

Aliyenitoa gizani ni mke wangu, ambaye hana habari na magari. Alikuja na chai, akainama, akauliza, "Vile vidoti vya babu viko wapi?"

Nikachukua kioo na tochi. Kikombe cha mbele kina kitone kimoja, sawa, ni changu. Bodi iliyo chini yake haina kitu. Nikachomoa pistoni: haina kitu. Kabureta ya nyuma haina alama hata moja, si bodi, si kikombe, si pistoni. Ina maana kati ya kabureta mbili nilizotuma, kilichonirudia ni kikombe kimoja. Vingine vyote ni vya watu wengine, au vya jalalani. Nikashika ncha ya shafti kwa vidole nikaitikisa juu na chini, inacheza kuliko zile nilizompelekea. Ndani ya matundu hakuna bushi. Alichofanya ni kupiga bodi kwa shanga za kioo, kupulizia rangi ya fedha na kupaka grisi nzito kwenye shafti ili ikae kimya kwa siku chache.

Nilipomrudia na habari ya vitone, akanyamaza siku tatu. Kisha akasema hizo ndizo nilizotuma. Kisha akasema alama hufutika wakati wa kusafisha. Kisha akaunti ikafungwa.

Sasa, kama una kabureta za kutengeneza. Usizitume kabla ya kuzipiga picha kila upande na kuzigonga alama mahali pa siri, halafu mwambie fundi waziwazi kwamba umeweka alama bila kumwonyesha ziko wapi. Fundi wa kweli hatakasirika. Tuma bodi na shafti tu. Vikombe na pistoni baki navyo nyumbani, yeye havihitaji. Muulize swali moja: matundu ya shafti unayatoboa saizi gani na bushi zako ni za nini? Anayefanya kazi hiyo atakuchosha kwa maelezo. Wangu alinijibu "za ubora wa juu."

Zikirudi, usiziweke rafuni kama mimi, hata kama theluji imefika dirishani. Kupima hakuhitaji gari. Tikisa shafti. Ziba vitundu vya chini ya pistoni kwa udongo wa kuchezea wa watoto, itie ndani ya kikombe bila springi yake, pamoja na ile damper (kijiti cha juu kinachotuliza pistoni), pindua kikombe kiwe juu chini, uhesabu. Kwa kabureta za ukubwa huu kikombe kinatakiwa kujitenga na pistoni polepole, kwa sekunde 5 hadi 7. Ya mbele kwangu ilichukua sekunde mbili. Ya nyuma ilikwama katikati kama lifti ya Kariakoo. Na ukishafunga, gari likiwa kwenye sailensa, pulizia kidogo dawa ya kusafishia kabureta kwenye ncha za shafti, injini ikiwa baridi na fire extinguisher ikiwa karibu. Mlio ukibadilika, hewa inapita hapo, usitafute mchawi kwingine.

Malipo: kwa walio Uingereza, kitu cha zaidi ya pauni 100 hadi 30,000 lipia kwa kadi ya mkopo. Kuna kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya 1974 kinachoifanya kampuni ya kadi iwajibike pamoja na muuzaji. Asiyetaka kadi, muulize kwa nini. Walio nyumbani mnaotumia ndugu wa huku kama mimi, mwambieni ndugu aagize kazi kwa jina lake na alipe yeye kwa kadi yake, nanyi mmrudishie. Msipeleke hela moja kwa moja kwa mtu mliyemwona kwenye picha. Mzee wa Nairobi nimemtafutia karakana ninayoijua, anasubiri zamu, analalamika kwamba ni miezi miwili. Nimemwambia asubiri tu.

Polisi nimewaandikia, wamenipa namba ya kumbukumbu. Ndiyo hiyo tu mpaka sasa.

Lipo jambo la mwisho, na ndilo hasa lililonifanya niandike leo badala ya kesho. Katika lile tangazo la mzee kuna picha ya tatu: seti ya HS4 inayouzwa "halisi, bodi hazijaguswa, shafti karibu mpya", pauni 340. Ukiikuza, kwenye ukingo wa bodi ya nyuma, upande wa skrubu, kuna vitone viwili. Juzi usiku tangazo likawa limeandikwa kwamba zimeshauzwa. Kama ni wewe uliyezinunua, au unamjua aliyezinunua, niandikie. Siji kukudai, wewe pia umelipa. Lakini kabureta yako ya mbele haitakaa sawa: pistoni yake yenye kitone kimoja unayo wewe, na kikombe chake kiko hapa mezani kwangu.