Kulaza gari yadi ya usiku Sakina, Arusha: uzoefu wangu wa miezi nane

Naishi Sakina mitaa ya ndani, nyumba ya kupanga, nina gari ndogo, Toyota IST. Uwani kwetu zinaingia gari mbili tu, ya baba mwenye nyumba na ya mpangaji aliyenitangulia, kwahiyo tangu nimenunua gari nikawa nalaza nje, barabarani, pembeni ya ukuta wetu. Miaka miwili na nusu hivyo hivyo. Sasa nina mwezi wa nane nalaza yadi ya kulipia na nimeona niandike yote niliyoyaona, maana kipindi natafuta sehemu kila niliyemuuliza alinijibu "tafuta penye mlinzi" basi, kama vile mlinzi ndo kila kitu. Sio kila kitu. Mi nimepita penye mlinzi na nikaumia, ntaeleza.

Kwanza kwanini nilitoka mtaani. Barabara yetu ni ya vumbi, upande mmoja mtaro, upande wa pili kuta za watu, gari mbili zikikutana mmoja lazima arudi nyuma hadi kwenye duka la Mangi ndo wapishane. Sasa hapo hapo watu wanalaza gari. Na kila mwenye geti anahesabu kipande cha mbele ya ukuta wake ni chake, anaweka mawe, anaweka tairi bovu, kuna mmoja ana ndoo ya rangi amejaza zege na bomba limesimama katikati, akitoka asubuhi anaikokota hadi pale alipokuwa amepaki, akirudi jioni anaikokota tena pembeni. Siku moja niliisogeza nikapaki, akatoka mzee wa hiyo nyumba. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia vizuri tu, alafu akasema "mwanangu, hapo nimepaki mimi toka wewe hujazaliwa." Nikatoa gari. Barabara ni ya umma, kila mtu anajua, hati ya kiwanja inaishia kwenye bikoni, yale mawe ya mpaka, lakini nani atasimama saa tatu usiku amwambie mzee wa watu habari za bikoni?

Na msimu ukifika ndo balaa zaidi. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa kumi wageni wanajaa Arusha, na mtaani kwetu wanakaa madereva wa tua watatu, wale wanaopeleka watalii mbugani, hawa wanalala na Land Cruiser nyumbani kwa sababu saa kumi na moja alfajiri wanatakiwa wawe wameshachukua wageni hotelini kuwahi Tarangire au Ngorongoro. Zile Land Cruiser zilizorefushwa zikisimama mbili mtaani kwetu, mtaa umeisha. Siwalaumu, ndo kazi yao. Nasema tu hali ilivyo.

Sasa usiku ulionitoa. Mi ni mapokezi hotelini, shifti ya jioni inaisha saa nne usiku, nikifika nyumbani ni kama saa nne na nusu hivi. Siku hiyo nimefika sehemu yangu kuna Land Cruiser, mbele yake kuna Noah, nikasogea nikapaki mbele ya geti la mama mmoja jirani, nikijua kabisa wao hawana gari, nikasema watanisumbua nini, saa kumi na mbili asubuhi natoa. Nikaingia nikalala, simu nimeweka sailenti kama kawaida yangu nikitoka shifti.

Saa nane usiku mtoto wa yule mama akabanwa na pumu. Wakaita bajaji. Geti lao ni la kufungukia nje, na bampa yangu ilikuwa imebaki kama shubiri moja kutoka kwenye geti. Halikufunguka zaidi ya mtu mmoja kupita kwa ubavu. Bajaji nayo ikashindwa kupita kati ya gari yangu na mtaro. Wakamtoa mtoto kwa ule upenyo, wakambeba mgongoni mpaka lami kwa miguu, na kwetu hadi lami ni mwendo. Walinigongea geti, wakapiga honi ya bajaji, waliamka watu wote mtaani isipokuwa mimi, chumba changu kiko nyuma.

Mtoto alipona, namshukuru Mungu hadi leo. Asubuhi nimetoka nakuta mama ndo anarudi kuchukua nguo. Nilijiandaa kutukanwa. Hakunitukana. Aliniambia "jirani, tulikugongea sana." Basi. Maneno matatu, yamekaa na mimi mpaka leo naandika hapa. Nilienda kumwona mtoto, nikaomba msamaha mbele ya mume wake, wakanisamehe, ila mi mwenyewe nikaona hii haiwezi kuendelea.

Ishu ilifika kwa mwenyekiti wa mtaa maana wengine nao walikuwa na ya kwao, tukaitwa kikao Jumapili jioni. Yakakubaliwa mambo: usizibe geti la mtu hata kama hana gari, acha namba ya simu kwenye dashibodi, mawe na ndoo ziondoke. Mtendaji akasema pia trafiki wakiitwa mtu amezuia njia wanaandika, na faini ya kosa moja ni elfu thelathini. Wote tukaitikia. Wiki mbili hivi mawe yalikuwa yamerudi yote. Namba za simu kwenye dashibodi zimebaki, hilo nakiri limesaidia.

Basi nikaanza kutafuta yadi. Ya kwanza, sitaji jina wala mtaa, ilikuwa karibu na kwangu, ukuta mzuri, seng'enge juu, taa kila kona, mlinzi kijana wa heshima, "karibu anti, tupo kwa ajili yako." Elfu mbili kwa usiku, kwa mwezi elfu arobaini. Sharti unaacha ufunguo, kwa sababu gari zinabananishwa na asubuhi inabidi wazipangue. Nikaacha. Wiki ya tatu asubuhi nimeingia kwenye gari mguu haufiki kwenye breki. Kiti kimesogezwa nyuma. Nikajua wamepangua gari, sawa. Kesho yake tena, alafu nikaona mshale wa mafuta umeshuka na mi nimejaza juzi. Nikaanza kupiga picha ya kilomita kila nikipaki. Usiku wa kwanza zimeongezeka 3. Usiku wa pili zimeongezeka 41. Arobaini na moja, ndani ya yadi! Yani gari yangu usiku ilikuwa inapiga teksi mjini na mi nimelala nimelipia ulinzi. Nikamwonesha mwenye yadi picha zote mbili kwenye simu, akaniambia kuna bango getini. Nikaenda kusoma vizuri, kweli limeandikwa magari yanalazwa kwa hasara ya mwenyewe. Nikachukua ufunguo wangu nikaondoka. Hela ya mwezi iliyobaki hakurudisha.

Hapa niseme kitu kuhusu bima. Wengi wetu wenye gari ndogo tuna bima ndogo, ile ya 118,000 kwa mwaka pamoja na VAT. Hiyo inalipa ukimgonga mtu au ukiharibu mali ya mtu. Ukiibiwa vioo, ukiibiwa kontroboksi (kompyuta ya gari), gari yenyewe ikiondoka, bima ndogo haikujui, hiyo inataka bima ya juu zaidi. Mi nilikuwa nimeshaibiwa saiti mira zote mbili wakati nalaza mtaani, kwahiyo hilo nililijua kwa kulipa. Ndo maana unapotafuta yadi, swali la nani anabeba hasara liulize siku ya kwanza kabla hujatoa hata mia, na akuandikie.

Na ule ushuru wa maegesho mnaolipa mjini mchana pia usichanganywe na hili. Yule dada anayescan pleti namba yako anakuandikia deni la maegesho, unaletewa kontrol namba unalipa kwa simu, umelipia nafasi ya kusimama barabarani. Hajaahidi kukulindia gari. Nimesikia watu wanamgombeza dada wa watu kwamba "redio imeibiwa wakati nimelipa ushuru," sio haki.

Yadi ya pili ndo hii niliyopo. Nilipelekwa na dereva mmoja wa tua, yule yule mwenye Land Cruiser iliyokuwa kwenye sehemu yangu siku ile. Kwa macho ni mbaya kuliko ya kwanza. Ukuta nusu ni bati, hakuna paa, chini kifusi na vumbi, taa mbili. Mlinzi ni mzee tunamwita babu. Nimeingia nikapiga honi, babu akaja dirishani na daftari, kabla hata ya bei akauliza, "mama, kesho unatoka saa ngapi?"

Sikuelewa. Nikasema saa sita mchana, nina shifti ya jioni. Akanielekeza mwisho kabisa ukutani. Kumbe babu anapanga gari kwa saa za kutoka. Wa alfajiri wanapaki mstari wa getini, madereva wa tua na watu wa kupeleka mzigo soko la Kilombero. Nyuma yao wanaotoka saa moja na mbili, walimu na watu wa ofisini. Ukutani ni sisi wa mchana na wale wanaosafiri wiki nzima. Ukimwambia saa ya kweli, unaondoka na ufunguo wako mfukoni, kwa sababu hakuna haja ya mtu kuigusa gari yako. Ukibadilisha ratiba unampigia kabla ya saa nne usiku, anakuwekea nafasi mbele. Ukisema saa mbili alafu saa kumi na mbili unataka kutoka, utasubiri hadi aliyekuzibia aje, na babu habembelezi mtu kwa hilo, hata awe nani.

Daftari lake nimelipiga chabo sana. Ni kauntabuku la kawaida limepigwa mistari kwa rula: namba ya gari, saa ya kuingia, kilomita, mafuta, saa ya kutoka, sahihi. Kwenye mafuta anachora kamshale kama kalivyo kwenye dashibodi, kanaegemea kushoto au kulia. Asubuhi mnalinganisha pamoja unasaini. Tangu nimehamia hapa kilomita zangu hazijawahi kuzidi hata moja.

Nimefikiria sana hili suala la saa. Mtaani kwetu tuligombania nafasi miaka yote, mawe, ndoo, vikao, na hakuna hata siku moja mtu aliyemuuliza mwenzake wewe kesho unatoka saa ngapi. Yule mzee wa ndoo hatoki kabla ya saa tatu. Dereva wa tua anatoka saa kumi na nusu. Wangekuwa wanapangana tu kwa saa, yule anayewahi akakaa upande wa kutokea, nusu ya zile kelele zisingekuwepo, na geti la mama lingebaki wazi.

Mabaya yapo na nayasema. Masika tope linafika nusu ya tairi, mwezi wa nne nilinasa nikasukumwa na watu wanne. Kuna mparachichi unaegemea yadi kutoka kwa jirani, usipaki chini yake, boneti yangu ina bonde dogo la parachichi moja tu, nilimwonesha mwenye yadi, akalipa nusu ya gharama ya kunyoosha bila ugomvi kwa sababu tuliandikishana: kilichoibiwa au kuharibika ndani ya ukuta mnaongea, kilichoachwa ndani ya gari kama laptop au hela hakimhusu. Na kubwa kuliko yote kwa dada kama mimi ni kurudi nyumbani. Yadi hadi kwangu ni dakika kumi kwa mguu, saa nne na nusu usiku sitembei, napanda boda ya buku. Shifti za jioni ni kama kumi na mbili kwa mwezi, kwahiyo weka elfu kumi na mbili juu ya elfu arobaini na tano ninayolipa, ni 57,000. Kwa mshahara wangu inauma, sitadanganya. Ila nalala na simu iko sailenti na sina wasiwasi kwamba kuna mtu anabeba mtoto mgongoni kwa sababu yangu.

Kama unataka kwenda kuangalia yadi yoyote, nenda usiku saa tatu, usiende mchana, mchana zote ni nzuri. Simama getini nusu saa uone gari zinavyoingia na nani anashika funguo. Muombe akuoneshe daftari la jana. Kama hakuna daftari, geuza. Vioo vyako vichore namba ya gari popote utakapolaza, kazi hiyo wanafanya mafundi vioo mjini, haichukui hata saa moja.

Kwa sasa yadi yetu imejaa kwa sababu msimu umeanza, babu anaandika majina nyuma ya daftari, mwezi wa kumi na moja wa tua wakipungua nafasi zinatoka. Kosta na Fuso msijisumbue, geti ni dogo.