Chanjo ya mbwa dhidi ya adenovirusi: huduma niliyoipata kliniki ya mifugo

Nilimpeleka mbwa wangu wa wiki 8 kwenye kliniki ya mifugo ya mtaani kwetu apate chanjo ya mchanganyiko, na kilichoniridhisha zaidi ni maelezo ya daktari. Alinionyesha kichupa chenye unga mkavu, akaeleza kwamba adenovirusi aina ya 1 ndiyo iletayo homa ya ini ya mbwa, lakini chanjo hutengenezwa kwa aina ya 2, ile ya kikohozi, kwa kuwa aina hizo zinafanana kiasi kwamba kinga ya moja hufaa kwa nyingine, ilhali chanjo za zamani za aina ya 1 ziliwaacha baadhi ya mbwa na ukungu wa samawati jichoni. Kirusi cha homa hiyo ya ini hakina utando wa mafuta, hivyo hakiuawi kirahisi na dawa nyingi za kusafishia, na mbwa aliyepona huweza kukitoa kwenye mkojo kwa miezi 6 au zaidi.

Sikupendezwa na jambo moja: lebo ya kichupa haikubandikwa kwenye kadi mpaka nilipoidai. Foleni nayo ilikuwa ndefu, ingawa mbwa, bahati yangu, alisinzia. Marudio nitayafanyia hapo hapo, mpaka atimize wiki 16.