Nimelipia kuthaminiwa saksafoni, nikaulizwa nimeitoa wapi

Mlionielekeza kwenye duka lile la ala za zamani hapa Indiana, tuna maneno. Nimelipa dola 75 saksafoni yangu ya tenori, ya kampuni ya Conn, ithaminiwe, na swali la kwanza la yule bwana wa kaunta likawa, "Hii umeitoa wapi?" Hakuuliza inalia vipi. Umeitoa wapi! Mteja aliyekuwa mbele yangu hakuulizwa.

Hata kwenye kasha hakuitoa. Alisoma namba inayoanza na M, akachungulia simu yake, akatangaza: mwanzoni mwa miaka ya 1930, kwa hiyo ni "Chu Berry", jina la utani la tenori za New Wonder, dola 600. Mhuri, karatasi, kwaheri. Jamani, mdomo wa bata wa Conn wa miaka ile hausomwi kwa namba tupu! Kiwanda chao cha Elkhart kilikuwa kinatoka modeli ya New Wonder kinaelekea modeli ya 10M, na mabadiliko yaliingia kidogo kidogo. Kwenye New Wonder, vile vifuniko vikubwa vya B na B flati za chini, kimoja kinakaa kushoto, kingine kulia. Yangu vyote viko kushoto, kama 10M, ila mchoro wa mwanamke ulioipa 10M umaarufu haupo. Namwonyesha kwa kidole, yeye anafunga kasha.

Halafu eti wako tayari kuinunua. Kwa dola 600 hizohizo! Yaani refa ndiye mshambuliaji.

Haki nayo isemwe. Kijana wa karakana alisikia tunavutana, akatoka, akashusha taa ndani ya bomba, tukaona mwanga unapenya kwenye pedi ya G shapu, yaani haizibi tundu vizuri. Akapitisha kidole taratibu kwenye kingo za matundu, zile zilizokunjwa, akasema hazijaguswa na tupa, wengi huwa wameshaziharibu. Akairekebisha pedi palepale, akaniomba nipulize. Nikamwagia kipande cha dansi, akabaki anacheka peke yake. Hela hakutaka.

Huyo nyota tano, na nilikuwa nishaanza kulipatia duka zima nyota nne. Lakini nikiikumbuka ile "umeitoa wapi", aah. Mbili. Hapana, moja. Matengenezo pelekeni, ila mpitilizeni wa kaunta, mumwulizie kijana wa nyuma. Karatasi yao ya thamani fungieni maandazi.