Vigimbi vya silikoni: miezi 11 baada ya upasuaji

Siku ya tatu nilisimama mbele ya mlango wa choo, mkono mmoja ukutani, mwingine begani kwa mke wangu, nikipiga hesabu namna ya kuvuka kizingiti kisichozidi urefu wa kidole. Laiti mtu angenisimulia hilo mapema! Nilichoonyeshwa ni zile picha za kabla na baada, na za baada zote ni za miguu iliyokwisha kupona.

Mimi ni mwanamume, na nimezaliwa bila vigimbi. Mapaja yapo, lakini kuanzia gotini kwenda chini ni njiti. Nimekimbia, nimepanda ngazi, nimenyanyua visigino huku nimebeba vyuma mabegani, miaka nenda miaka rudi. Mapaja yakanenepa, huku chini hapakutikisika, ikawa kana kwamba nimejichongea mwenyewe. Msuli wa kigimbi ukiwa mfupi kwa asili na kano lake likawa refu, mazoezi yana mahali yanapogota. Sikuwa mgonjwa, wala simwambii mwenye miguu kama yangu kwamba anahitaji kisu. Mimi nilichoka tu kuvaa suruali ndefu kwenye joto.

Daktari alinipima kwa utepe, akaibana ngozi yangu kwa vidole viwili, kisha akaniambia nisimame kwa ncha za miguu aone msuli unavyojikusanya. Kichwani nilishachagua saizi kubwa ya kipandikizi, yaani kile kipande cha silikoni cha kujazia kigimbi. Akakataa katakata: “Mguu wako hauna nafasi hiyo.” Wengi tunadhani kipandikizi kinawekwa ndani ya msuli. Changu kiliingizwa kupitia mkato wa kama sentimita 4 kwenye mkunjo wa nyuma ya goti, kikasukumwa hadi chini ya utando mgumu unaoufunika msuli. Utando huo hautanuki sana. Ukijazwa kupita kiasi, shinikizo hupanda ndani, damu hushindwa kupita, na msuli pamoja na neva vinaweza kufa. Ni nadra, lakini ndilo balaa kubwa la upasuaji huu. Siku ile nilinuna. Baadaye, nilipoonja jinsi hata hiki kidogo kinavyobana, kinyongo kiliniisha.

Aliniwekea kimoja cha mfano kiganjani. Ni silikoni nzima, si mfuko wenye kitu cha kumwagika ndani. Kinene katikati, kimechongoka huku na huku, ukikibonyeza kinarudi. Niliuliza kuhusu kuhamisha mafuta kutoka tumboni badala yake. Akasema inawezekana, ila sehemu ya mafuta hayo hunyonywa na mwili, na kwa wembamba wangu hata mafuta yenyewe ya kuvuna hayapo.

Upasuaji wenyewe sina la kusimulia. Nilipigwa nusu kaputi, nikalazwa kifudifudi, nikaamka miguu imefungwa bandeji. Wiki kadhaa kabla yake nilikatazwa sigara na aspirini, na nilitii.

Sasa maumivu. Nilitegemea kidonda kiume, lakini kidonda hakikunisumbua hata kidogo. Unaijua ile hali ya kubanwa na msuli wa mguu usiku ukiwa usingizini, unaruka kitandani unapiga kelele? Ndiyo hiyo, ila yangu haikuachia kwa siku 4. Kukanyaga unyayo wote ndiko kubaya zaidi, kwa sababu kisigino kikishuka kigimbi kinavutika. Ndiyo maana huwa tunashauriwa kuvaa viatu vyenye kisigino kilichoinuka siku za mwanzo. Kwa mwanamke, sawa. Mimi mke wangu alikata sponji ya kuoshea vyombo vipande vinne, akavipachika viwili viwili ndani ya raba zangu, halafu akacheka mpaka akakaa chini. Nilitembea hivyo siku 10, kama mtu anayenyemelea kuku.

Kutembea lazima, hata hivyo. Kila baada ya saa chache unanyanyuka, hatua kadhaa, unarudi kuinua miguu juu ya mito. Ukilala tu, damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya mguu, na donge likisafiri hadi mapafuni ni habari nyingine kabisa. Soksi za kubana nilivaa wiki 4 usiku na mchana. Niliandikiwa pia dalili za kunikimbiza hospitali: maumivu yanayozidi licha ya dawa, vidole vya mguu kuwa baridi au kufa ganzi, mguu mmoja kuvimba ghafla, homa.

Hapo ndipo nina lawama na kliniki. Jumamosi ya wiki ya pili mguu wa kushoto ulivimba kuliko wa kulia. Nikapiga ile namba waliyonipa “wakati wowote”, ikaita mpaka ikakata, mara tano. Nilisubiri hadi Jumatatu, jambo ambalo sasa naliona ni upumbavu. Ningekwenda hospitali yoyote iliyo wazi. Bahati yangu yalikuwa maji tu yaliyojikusanya, wakayavuta kwa sindano. Tena walinihakikishia kwamba ndani ya siku 3 ningerudi kazini. Nilirudi siku ya 12, na kazi yangu ni ya kukaa. Ukiwa unaishi peke yako, tafuta wa kukaa nawe wiki nzima kabla hujalipa chochote.

Wiki ya tatu nilitupa sponji. Mbio nilianza mwezi wa tatu. Umbo nalo lilinihadaa: mwanzoni uvimbe ulinipa vigimbi vya mcheza mpira, nikafurahi, kisha vikapungua nikaingiwa na hofu, hadi mwezi wa tano vikatulia katikati. Ukigusa ni vigumu kidogo, kama msuli uliokazwa. Nguvu havikuongeza hata chembe. Ngazi zinanichosha vilevile. Upande wa nje wa kisigino cha kulia palikuwa na ganzi, ikaondoka polepole baada ya miezi 4. Kovu moja limefifia, jingine limeinuka na linawasha.

Natoa nyota nne kwa kazi ya daktari, mbili kwa huduma ya simu. Kaptula navaa. Nikisimama kwa ncha za miguu, ukingo wa kipandikizi cha kushoto unajichora chini ya ngozi, na dada yangu, asiyejua lolote, aliuona juzi akaniuliza kama nimegongwa na kitu. Nikamwambia ni mpira.