Uzoefu wangu: GTX 1650 ndani ya Dell OptiPlex 9020 kwa kazi ya kuhariri picha

Kompyuta ninayohariria picha za harusi, sendofu na kitchen party ni Dell OptiPlex 9020 ya mnara, mojawapo ya zile kompyuta za ofisini za mtumba ambazo maduka ya Kariakoo hayaishiwi nazo. Prosesa yake ni Core i5-4590 ya mwaka 2014, yenye viini vinne, na grafiki zake ni Intel HD 4600 zilizomo ndani ya prosesa hiyohiyo. Muda mwingi natumia Lightroom Classic, programu ya Adobe ya kupanga na kuhariri picha nyingi, na Photoshop kwa zile picha chache zinazoingia kwenye albamu. Nilikuwa na fedha iliyotosha kadi ya grafiki, yaani kipande cha kuchomeka kinachoipokea prosesa kazi ya kuchora picha na baadhi ya hesabu nzito, lakini haikutosha kompyuta nyingine ya maana, na muuzaji mmoja alinihakikishia kwamba kadi ingebadilisha kila kitu. Haikubadilisha kila kitu, ingawa sijutii kuinunua.

Kabla ya kutoa fedha niliifungua Task Manager ya Windows pembeni ya Lightroom na kuangalia ni sehemu gani ya kompyuta inayoelemewa katika kila hatua ya kazi. Wakati wa kuingiza picha kutoka kwenye kadi ya kamera na kutengeneza previu (nakala za kutazamia) za ukubwa kamili, viini vyote vinne vya prosesa vilikuwa asilimia 100 huku grafiki zikiwa zimetulia tuli, maana yake ni kwamba hapo kadi mpya isingeniokolea hata dakika. Wakati wa kupitia picha moja baada ya nyingine ili kuchagua za kumpa mteja, kilichokuwa kinakwama ni diski ngumu. Ndiyo maana fedha ya kwanza iliingia kwenye SSD, diski ya kasi isiyozunguka, ambako nilihamishia katalogi (faili ambamo Lightroom hutunza orodha ya picha na mabadiliko yake) pamoja na previu zake, na kwenye RAM, niliyoipandisha kutoka GB 8 hadi GB 16. RAM za DDR3 za mtumba ni za bei nafuu, na ubao wa mnara huu unapokea hadi GB 32 katika sloti nne. Yeyote ambaye katalogi yake bado iko kwenye diski ya kuzunguka aache kwanza kufikiria kadi ya grafiki.

Kikwazo kilichobaki baada ya hapo kilikuwa Denoise, zana ya Lightroom ya kusafisha chengachenga kwenye picha. Kumbi zetu nyingi zina taa za rangi zinazozunguka na mwanga hafifu, kwa hiyo kuanzia bibi na bwana harusi wanapoingia hadi keki inapokatwa napiga kwa ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) ya 6400 au zaidi, na picha zinatoka na chengachenga. Kitelezi cha zamani cha Luminance huziondoa, lakini ukikisukuma sana ngozi ya bibi harusi inakuwa kama nta. Denoise ya akili bandia, ambayo Adobe waliiingiza Lightroom mwezi Aprili 2023, inasafisha bila kuharibu nyuzi za kitambaa wala nywele zilizosukwa, isipokuwa hesabu zake ni nzito na zimeandikwa kwa kutegemea kadi ya grafiki. Dirisha lake hukuonyesha makadirio ya muda kabla hujabofya, na kwangu yalikuwa kama dakika 20 kwa faili moja ya RAW (picha ghafi ya kamera) ya megapikseli 24. Kwa picha moja ya ukutani unaweza kuiacha kompyuta ukaenda kunywa chai; kwa picha themanini za ukumbini, mteja atakuwa ameshakata tamaa na wewe. Photoshop nayo inataka grafiki zinazomudu DirectX 12, mfumo wa Windows wa kuziendesha grafiki, kwa kiwango ambacho HD 4600 haikifikii, hivyo sehemu nzima ya mipangilio ya grafiki ilikuwa imezimwa.

Uchaguzi wa kadi uliamuliwa na pawa saplai zaidi ya kitu kingine chochote. OptiPlex 9020 ya mnara ina pawa saplai ya wati 290 isiyo na waya wa pini sita wa kulishia kadi ya grafiki, kwa hiyo kadi inabidi iishi kwa umeme wa sloti ya PCIe (tundu la kadi kwenye ubao) pekee, ambao mwisho wake ni wati 75. Sharti hilo linafuta karibu kadi zote unazosikia vijana wa gemu wakizisifia. GTX 1050 Ti inatimiza sharti na ndiyo rahisi kuipata, lakini ni ya mwaka 2016 na Nvidia, watengenezaji wake, wametangaza kuwa kizazi chake hakitaendelea kupewa draiva (programu za kuiendesha kadi) mpya za kawaida baada ya Oktoba 2025. Radeon RX 6400 inavutia kwa wati zake 53, ila imeunganishwa kwa njia nne tu za PCIe, na kwenye ubao wa zamani wa PCIe 3.0 kama huu njia hizo hupitisha nusu ya data ambayo zingepitisha kwenye ubao mpya. RTX 3050 ya kumbukumbu ya GB 6, iliyotoka mwaka 2024 na inayotumia wati 70, ndiyo ningeichukua kama mfuko ungeruhusu, kwa kuwa ina viini maalumu vya hesabu za akili bandia ambavyo kadi za GTX hazina. Ilikuwa ghali kupita kompyuta yenyewe. Nikaangukia GTX 1650 ya GB 4, iliyotumika, kwa bei iliyozidi kidogo nusu ya niliyonunulia mnara mzima.

Kwa atakayeifuata njia hii, aitazame kadi kwa macho yake kabla ya kulipa, kwa sababu baadhi ya watengenezaji wa GTX 1650 wameipandisha kasi na kuiwekea tundu la pini sita ubavuni, na hiyo haitawaka kwenye mashine hii. Aangalie pia skrini yake inatumia waya gani. Kadi hizi hazina tundu la VGA, na wengi wetu tulionunua kompyuta ya mtumba pamoja na skrini yake tunatumia VGA. Mimi ilibidi ninunue adapta ya DisplayPort siku hiyohiyo. Ufungaji wenyewe ni wa dakika chache: skrubu, sloti, draiva, na kukumbuka kuchomeka waya wa skrini kwenye kadi badala ya kwenye ubao.

Sasa Denoise inachukua takriban dakika mbili kwa picha, nami huziteua zote za ukumbini jioni na kuiacha ikifanya kazi usiku. Select Subject, zana ya kuchagua mtu au kitu kikuu kwenye picha, ambayo zamani ilinipa muda wa kusoma ujumbe wote wa WhatsApp, inamaliza ndani ya sekunde chache. Photoshop imefungua mipangilio yake ya grafiki, na kukuza au kuzungusha picha hakukwami tena. Upande wa vitelezi vya kawaida, kama vya mwanga na rangi, tofauti ipo lakini ni ndogo, na sababu yake naiona kwenye skrini: yangu ni ya 1920 kwa 1080, yaani pikseli milioni 2 hivi, wakati skrini ya 4K ina zaidi ya milioni 8 za kuchorwa upya kila unaposogeza kitelezi. Mwenye 4K atafaidi zaidi yangu. Kutoa JPEG za harusi nzima kumepungua muda kidogo tu, na kutengeneza previu hakukupungua hata kidogo, kama Task Manager ilivyokwisha kuniambia. Rangi za picha zimebaki zilezile, kwani usahihi wa rangi unatokana na skrini na jinsi ilivyorekebishwa. Muuzaji anayekuambia kadi itang'arisha rangi anakuuzia maneno.

GB 4 za kumbukumbu ya kadi hii ni chache. Adobe wenyewe wanapendekeza GB 8 kwa Lightroom Classic, na nikiwa nimefungua Photoshop sambamba na Denoise, kompyuta inazubaa; hivyo nimejizoesha kufunga moja kabla ya kuanza nyingine.

Kwa anayepiga mchana, nje, kwa ISO ya chini, na asiyehitaji Denoise wala zana za kuchagua watu, ningemshauri abaki na grafiki za ndani na fedha yake aiwekee akiba, hasa kwa kuwa prosesa za kizazi cha nne kama yangu hazimo kwenye orodha ya Windows 11 na msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Mimi nimeichukulia kadi hii kama kifaa cha kuhama: nikipata mnara wa prosesa ya kizazi cha nane au zaidi, nitaichomoa humu pamoja na SSD na kuvihamishia huko, na OptiPlex itabaki ya kutunzia nakala za picha za wateja.