Ngazi Kuukuu za Mbao: Vanishi Ipi Inavumilia Viatu, Nakuru hadi Kisumu

Ingia hadwea yoyote ya Nakuru au Kisumu useme unatafuta kitu cha kupaka ngazi za mbao. Kabla hujamaliza, kaunta imeshajaa: kopo la sandingi sila (koti la chini la kuziba vinyweleo vya mbao), kopo la laka, chupa ya thina. Ni mazoea ya watengeneza samani, na kwa kabati au kitanda hayana ubaya. Kwenye ngazi, yatakurudisha dukani mapema.

Tunapima hapa aina nne za vanishi zinazouzwa huku kwetu kwa kazi moja tu: ngazi za ndani ya nyumba, zinazokanyagwa kila siku kwa viatu vyenye mchanga, zikikarabatiwa na mwenye nyumba mwenyewe bila mashine kubwa. Majina ya viwanda hatukuyafuata. Aina ndiyo inayoamua, na aina imeandikwa kwenye kopo ukiwa na subira ya kuisoma.

Kwa mwenye haraka: nunua poliyurethani ya mafuta iliyoandikwa kuwa ni ya sakafu, mng'aro wa satini (wa wastani, usio wa glosi), paka makoti matatu membamba, na usiweke sandingi sila chini yake.

Laka juu ya sandingi sila: 1 kati ya 5

Laka hukauka kwa dakika, na ndiyo sababu mafundi wanaipenda: asubuhi unapaka, jioni unakabidhi kazi. Lakini utando wake ni mwembamba, unachanika kwa changarawe, na thina ikiumwagikia huyeyuka hata kama umekaa miaka. Kisumu ina shida ya ziada. Thina ikiruka haraka huupoza uso wa mbao, unyevu wa hewa ya ziwani unatua hapo, na laka inapauka na kuwa nyeupe kama kioo kilichopulizwa pumzi. Kakamega msimu wa mvua ni vivyo hivyo.

Ubaya mkubwa zaidi uko kwenye sila. Ili isizibe msasa, hutiwa stearati ya zinki, ambayo kimsingi ni sabuni ya madini. Ule unga mweupe laini unaotoka ukiipiga msasa ndio huo. Sabuni hiyo inaifanya sila kuwa laini, na poliyurethani haiishiki sawasawa. Basi mtu ananunua vanishi ya bei, anaipaka juu ya sila ya bei rahisi, na baada ya muda inabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa, hasa kwenye ukingo wa kipandio ambako kisigino hugonga. Lawama inaangukia vanishi, na mkosaji amelala chini yake.

Kama ngazi zako zilishapakwa hivyo, kata msalaba mdogo kwa wembe, bandika maskingi tepu, isugue kwa ukucha kisha uivute kwa ghafla. Ikitoka na utando, hakuna kupaka juu. Ondoa kila kitu hadi mbao.

Poliyurethani ya mafuta: 4 na nusu kati ya 5

Hii haihitaji sila. Koti la kwanza likipunguzwa kwa tapentaini asilimia 10 hadi 20 linanywewa na mbao na kuwa sila lenyewe. Mawili yanayofuata hupakwa jinsi yalivyo kwenye kopo. Inakuwa ngumu lakini ina unyumbufu kidogo, na unyumbufu huo ni wa lazima kwa kipandio cha zamani kinachocheza kila kinapokanyagwa.

Hesabu ya kiasi. Ngazi ya vipandio 13, kila kimoja upana wa sentimita 90 na kina cha 25, pamoja na vibao vya wima vya sentimita 18, ni kama mita 5 za mraba. Ongeza mbao za pembeni, iwe 6 na nusu. Lita moja hufunika mita za mraba 10 hadi 12 kwa koti moja kwenye mbao iliyolainishwa. Makoti matatu yanakula takriban lita 2. Anayekuuzia kopo la lita 4 anakuuzia na sakafu ya chumba.

Satini ina mtego mmoja. Kinachopunguza mng'aro ni unga mzito unaotua chini ya kopo. Usipokoroga hadi chini, vipandio vya juu vitang'aa kama glosi na vya chini vitafifia, kisha utalaumu mbao. Koroga polepole kwa kijiti bapa kabla ya kuanza na tena kila baada ya vipandio vitatu au vinne. Usitikise kopo: mapovu yatakauka humo humo. Glosi tusiiongelee sana; inateleza na inaonyesha kila mkwaruzo.

Kuhusu kupunguza: tapentaini peke yake. Thina ya laka huweza kuikunja na kuigandisha. Mafuta ya taa huacha unto usiokauka. Petroli, ambayo bado kuna watu wanaitumia, ni moto unaosubiri kibiriti.

Nusu alama tuliyoikata ni kwa sababu ya mvule. Ngazi kuukuu za ukanda huu mara nyingi ni za mvule, podo au saiprasi, na mvule ina kemikali yake ya asili, klorofori, inayopambana na oksijeni. Vanishi ya mafuta hukauka kwa kuvuta oksijeni, kwa hiyo juu ya mvule inaweza kunata siku tatu wakati kwenye saiprasi ilishakauka kesho yake. Dawa ni kufuta mbao kwa kitambaa cheupe chenye thina hadi kisitoke tena na rangi ya kahawia, kuacha thina iruke, na kupaka siku hiyo hiyo. Mvule sugu ipewe kwanza koti moja jembamba la shelaki (utomvu wa asili wa kupakia mbao) isiyo na nta, iliyoyeyushwa kwa spiriti. Jaribu chini ya ngazi, mahali pasipoonekana. Ukisubiri siku moja kwa jaribio unaokoa lita mbili.

Vanishi ya makopo mawili: 4 kwa ugumu, 2 kwa mwenye nyumba

Hakuna iliyo ngumu kuliko hii. Unachanganya vanishi na kigumishi kwa kipimo kilichoandikwa, na kuanzia hapo saa inahesabu. Kilichobaki kwenye bakuli kitakuwa jiwe na brashi pamoja nacho. Kukisia kipimo kwa macho ndiko kunakoharibu kazi: kigumishi kikipungua utando hubaki laini daima, kikizidi unakuwa mkavu na kupasuka. Kigumishi kina isosianati, ambayo huumiza mapafu na kuweza kumwachia mtu pumu. Barakoa ya kitambaa haizuii chochote. Kwa ngazi iliyo katikati ya nyumba wanamolala watoto, hatuipendekezi. Kwa lojing'i au ofisi iliyofungwa wikiendi nzima, fundi aliye na vifaa aifanye.

Vanishi ya maji: 3 kati ya 5

Harufu yake ni ndogo, hukauka kwa saa 2 au 3, na haigeuki manjano, jambo linalopendeza kwenye podo na saiprasi nyeupe. Ila utando ni mwembamba, kwa hiyo andaa makoti manne. Maji husimamisha nyuzi za mbao. Lainisha kwa msasa namba 240 baada ya koti la kwanza. Na usitumie waya wa chuma kusugulia: vipande vyake vinabaki kwenye vinyweleo, vinapata kutu, na kwenye mbao yenye tanini (kemikali yake ya asili) huacha madoa meusi ambayo hutolewa kwa asidi ya oksaliki.

Kuvua ya zamani, kazi yenyewe

Robo tatu ya jasho iko hapa. Tambua kwanza kilichopo. Pamba yenye spiriti ikilainisha utando, ni shelaki. Isipolainika, jaribu thina. Ikilainika ni laka. Vyote viwili vikishindwa, ni vanishi ya mafuta au poliyurethani. Halafu kuna nyumba ambazo ngazi zilisuguliwa polishi nyekundu ya sakafu kila Jumamosi kwa miongo. Nta hiyo itolewe kwa tapentaini na vitambaa vingi kabla msasa haujagusa mbao, kwa maana joto la msasa huisukuma ndani. Ikibaki, vanishi mpya itakimbia na kuacha vishimo vya duara kama macho ya omena. Ngazi iliyowahi kupakwa oili chafu ya injini, kama wafanyavyo kwa nguzo za ua, ni afadhali kubadilisha kibao kuliko kubishana nacho.

Rangi ya zamani sana inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Usiipige msasa mkavu. Tumia dawa ya kutoa rangi na skrepa, madirisha wazi, watoto wakiwa kwingine. Vumbi la mvule nalo huwasha ngozi na kukaba kifua, kwa hiyo barakoa nzuri si mapambo. Mvule pia hubeba vijiwe vya chokaa ndani yake vinavyoweza kuharibu makali ya randa, jambo ambalo wanaoshinda na mbao kwenye soko la Kibuye, Kisumu, hawahitaji kuelezwa.

Grinda iache kwenye vyuma. Inakula haraka na kuacha mabonde ya mwezi mchanga yanayojitokeza koti la satini likikauka. Mashine ndogo ya msasa ya kuzunguka inatosha kwa vipandio, na patasi kali kwa pembe. Anza namba 60 kama utando ni mzito au 80 kama ni mwembamba, kisha 120, malizia 150, ukifuata nyuzi. Usiruke namba: mikwaruzo ya 60 haifutwi na 150, inafichwa tu hadi vanishi iifichue. Usipite 180 pia, mbao ikiteleza sana vanishi haipati pa kushika.

Milio ya ngazi iondolewe sasa. Kama unafika chini yake, piga kabari yenye gundi kati ya kipandio na mbao ya pembeni. Kama hufiki, toboa matundu mawili ya milimita 3 kutoka juu hadi kwenye kibao cha wima, kaza skrubu mbili za inchi 2, zamisha vichwa uvizibe. Misumari italia tena. Kwa kuziba, unga wa mbao hiyo hiyo uliochanganywa na shelaki unashinda gundi nyeupe, ambayo haipokei steini (rangi ya kutia mbao) na huacha doa lililopauka.

Hali ya hewa na kupaka

Jina la Nakuru hufasiriwa kutoka Kimaasai kuwa mahali pa vumbi, na Januari na Februari linajitetea lenyewe. Funga madirisha ya upande wa upepo, nyunyiza maji sakafuni, fyonza vumbi, pangusa kwa kitambaa chenye tapentaini, ndipo ufungue kopo. Usiku wa Julai joto likikaribia nyuzi 10, vanishi hulala. Saa 24 kati ya makoti ziwe 36 au 48. Kisumu tatizo ni la jioni: mvua ya radi, kisha vijidudu vya ziwani vinavyofuata taa. Paka kuanzia saa tatu asubuhi, umalize kabla ya saa saba.

Chuja vanishi kwa soksi ya nailoni. Tumia brashi ya manyoya ya asili, ishike kimshazari kidogo, anza kipandio cha juu ukishuka. Kama watu wanalala ghorofani, paka kimoja uruke kimoja, uweke tepu kwenye vilivyopakwa, kesho yake vingine. Koti nene hukauka ngozi juu na kubaki bichi chini, kisha hukunjamana. Kati ya makoti piga msasa 240 kwa mkono hadi uso uwe na ukungu sawia, pangusa, endelea. Kwenye koti la mwisho unaweza kukoroga unga laini wa silika wa kuzuia kuteleza. Nyumba yenye mzee isiache hilo.

Vitambaa vyenye vanishi ya mafuta au mafuta ya kitani visikunjwe na kutupwa kwenye pipa. Hujipasha joto vyenyewe na kuwaka. Vitandaze nje vikauke, au viloweke kwenye ndoo ya maji.

Soksi baada ya saa 24, viatu baada ya siku tatu, zulia baada ya mwezi, maana ugumu kamili huchukua kama siku 30. Kusafisha ni kitambaa kilichokamuliwa sana. Polishi na dawa zenye silikoni zisikaribie. Mara kwa mara dondosha maji kwenye ukingo wa kipandio cha tatu au cha nne kutoka chini. Yakibaki matone, iko salama. Yakinywewa na mbao ikawa nyeusi, piga msasa 180 kwenye vipandio vyote, paka koti moja, na hutavua tena hadi mbao.